Chuma cha Liganga na nondo za Dar es Salaam: hatua ya uchenjuaji ndiyo itakayoamua thamani

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

KILA mradi wa chuma wa Liganga unapotajwa bungeni au katika taarifa za Wizara, takwimu moja hutangulia nyingine zote: tani milioni 126 za mashapo yaliyothibitishwa katika vilima vya Wilaya ya Ludewa, Mkoa wa Njombe. Katika wilaya hiyo hiyo, eneo la Mchuchuma lina makaa ya mawe yanayokadiriwa kufikia tani milioni 428. Kwa mwananchi anayejenga nyumba Bunju, Mbagala au Chamazi, swali linalofuata ni la haki kabisa: ikiwa Taifa lina chuma kingi kiasi hicho, kwa nini nondo anazonunua zimetokana na chuma chakavu au na malighafi iliyoshushwa bandarini?

Jibu limo katika neno ambalo mara nyingi husomwa na kupitwa haraka, nalo ni uchenjuaji. Kilichomo ardhini Liganga si chuma kilicho tayari, bali ni mwamba wenye chuma pamoja na madini mengine yasiyotengana nacho kwa urahisi. Makala haya yanachambua kazi inayopaswa kufanyika kati ya mwamba huo na kiwanda, sababu za kazi hiyo kuwa ngumu kuliko inavyodhaniwa, na mambo ambayo mwananchi anapaswa kuyatazama pindi tangazo jipya kuhusu mradi huu linapotolewa.

Mahitaji ya jiji na chanzo cha chuma chake

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Kati yao, 1,346,674 walikuwa katika Wilaya ya Temeke na 982,328 katika Wilaya ya Kinondoni. Ukuaji wa jiji unaelekea pembezoni, ambako nyumba za vyumba viwili au vitatu huinuliwa kidogo kidogo kadiri fedha zinavyopatikana. Katika ujenzi wa namna hiyo, nondo za msingi, za nguzo na za mkanda wa juu ni miongoni mwa gharama zinazoweza kusimamisha kazi kwa miezi kadhaa.

Juu ya mahitaji ya kaya kuna mahitaji ya miradi ya umma. Awamu ya Pili ya miundombinu ya mabasi yaendayo haraka, yenye urefu wa kilomita 20.3 kuelekea Mbagala, imejengwa kwa zege lililosheheni nondo. Mradi wa Umeme wa Julius Nyerere, wenye uwezo wa megawati 2,115, ulitumia chuma kingi katika bwawa na mitambo. Reli ya Kisasa, iliyoanza kusafirisha abiria kati ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma mwaka 2024, imetandikwa kwa mataruma yaliyotengenezwa nchini, lakini reli zenyewe ziliagizwa kutoka nje.

Viwanda vinavyolisha soko hili vipo, na baadhi vina historia ndefu. ALAF, kilichopo Barabara ya Nyerere, kilianzishwa mwaka 1960, na mabati yake yameezeka nyumba nyingi nchini. Maeneo ya viwanda ya Chang'ombe, katika Temeke, na Mikocheni, katika Kinondoni, yana karakana na viwanda vinavyotengeneza nondo, mabati, mabomba na vyuma vya pembe. Pamoja na hayo, viwanda hivi kwa sehemu kubwa huanzia katikati ya mnyororo wa uzalishaji. Vya mabati hupokea koili za chuma kutoka nje ya nchi, kisha huzipaka zinki na rangi. Vya nondo huyeyusha chuma chakavu katika matanuri ya umeme, au hupasha moto mapande ya chuma yaliyoagizwa na kuyavuta yawe nondo.

Utegemezi wa chuma chakavu una gharama zisizoonekana katika bei ya dukani. Gharama ya kwanza ni ya usalama wa mali ya umma. Mifuniko ya mitaro, alama za barabarani na kingo za madaraja hung'olewa na kuuzwa kwa kilo, hata ingawa wafanyabiashara wa chuma chakavu wanapaswa kuwa na kibali chini ya usimamizi wa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC). Kenya ilikabiliwa na tatizo hilo kwa uzito zaidi, na mwezi Januari 2022 ilisitisha kwa muda biashara yote ya chuma chakavu kutokana na uharibifu wa miundombinu ya umeme.

Gharama ya pili ni ya ubora. Chuma chakavu hubeba mabaki ya shaba kutoka kwenye mota, nyaya na vipuri, na shaba haiondoki katika uyeyushaji wa kawaida. Kadiri chuma kinavyoyeyushwa tena na tena, ndivyo mabaki hayo yanavyoongezeka, na chuma chenye shaba nyingi huweza kupasuka kinapovutwa kikiwa cha moto. Njia inayotumika duniani kupunguza tatizo hilo ni kuchanganya chuma chakavu na chuma kipya kilichotoka moja kwa moja kwenye madini. Hapo ndipo Liganga inapoingia katika hesabu za viwanda vya Chang'ombe na Mikocheni.

Mwamba wa Liganga una nini

Katika biashara ya kimataifa, bei ya madini ya chuma kwa muda mrefu imepangwa kwa kulinganisha na madini yenye asilimia 62 ya chuma. Madini ya Liganga yana takriban asilimia 50. Maana yake ni kwamba, hata kama chuma chote kingepatikana bila upotevu, tani milioni 126 za mwamba zingetoa takriban tani milioni 63 za chuma. Kiasi hicho bado ni kikubwa, lakini ni nusu ya takwimu ambayo wengi huichukulia kuwa ni tani za chuma.

Upungufu wa kiwango peke yake usingekuwa tatizo kubwa. Madini ya Liganga ni ya jamii ya magnetaiti, yaani huvutwa na sumaku. Magnetaiti safi kabisa ina asilimia 72 ya chuma, na utaratibu wa kuyapandisha madini ya namna hii daraja unajulikana tangu zamani. Mwamba huvunjwa, husagwa hadi kuwa unga, kisha hupitishwa kwenye mitambo ya sumaku ambayo hunasa chembe za chuma na kuacha mchanga na mawe yasiyo na kazi. Kinachopatikana ni makinikia, neno ambalo Watanzania wengi walilizoea mwaka 2017, Serikali ilipozuia usafirishaji wa makinikia ya dhahabu na shaba nje ya nchi.

Ugumu wa Liganga upo kwenye titani. Madini hayo yana takriban asilimia 13 ya oksidi ya titani, pamoja na vanadi isiyofikia asilimia 1. Sehemu ya titani hiyo imo ndani ya fuwele zile zile zinazobeba chuma. Sumaku inapovuta chembe ya chuma, inavuta pia titani iliyomo ndani yake. Hata mwamba ukisagwa kwa kiwango gani, makinikia yatabaki na titani, na kiwango chake cha chuma hakitapanda kama ambavyo kingepanda katika magnetaiti ya kawaida.

Titani hiyo ndiyo huleta shida ndani ya tanuri kubwa linalotumia makaa ya koki, ambalo ndilo njia ya kawaida ya kuzalisha chuma duniani. Katika joto kali, huungana na kaboni na naitrojeni, na kuyafanya mavi ya chuma, yaani uchafu ulioyeyuka unaoelea juu ya chuma, yawe mazito kiasi cha kushindwa kutiririka. Isitoshe, makaa ya Mchuchuma si ya aina inayofaa kutengeneza koki. Kwa hiyo, dhana kwamba makaa ya Mchuchuma yatachomwa pamoja na mwamba wa Liganga, kisha chuma kitoke, inahitaji teknolojia mahsusi ili itimie.

Ulinganisho na jirani zetu unasaidia. Uganda ina madini ya chuma ya aina ya hematiti katika eneo la Muko, kusini magharibi mwa nchi hiyo, yenye kiwango cha zaidi ya asilimia 60 na yasiyo na mzigo wa titani. Nchi hiyo ilizuia usafirishaji wa madini ghafi ya chuma ili yachakatwe ndani. Sera hiyo inafanana na ya Tanzania, lakini mwamba ni tofauti, na kiwanda kinachofaa kule huenda kisifae huku.

Njia zilizokwishajaribiwa

Habari njema ni kwamba madini ya jamii hii yameyeyushwa kwingineko kwa miongo mingi. Nchini New Zealand, kiwanda cha Glenbrook kimetumia mchanga wa pwani wenye chuma na titani. Mchanga huo huchanganywa na makaa ya mawe ya kawaida na kupashwa moto katika tanuri refu linalozunguka. Makaa huondoa oksijeni bila kuyeyusha chuma, na kinachotoka ni chuma sponji, yaani chuma chenye vitundu vidogo vidogo. Baada ya hapo, chuma hicho huyeyushwa kwa umeme, ambapo chuma huenda upande wake na mavi yenye titani huenda upande wake.

Afrika Kusini ilitumia utaratibu unaokaribiana na huo katika kiwanda cha Highveld, kilichozalisha chuma na vanadi kwa pamoja. China, kwa upande wake, iliendeleza ujuzi wa kuyeyusha madini ya aina hii katika mji wa Panzhihua, jimbo la Sichuan. Si ajabu basi kwamba mbia aliyeingia mkataba na Shirika la Maendeleo la Taifa (NDC) mwezi Septemba 2011 kwa ajili ya Liganga na Mchuchuma, kampuni ya Sichuan Hongda, alitoka katika jimbo hilo.

Hata hivyo, historia ya Highveld ina funzo ambalo halipaswi kupuuzwa. Kiwanda hicho kilikuwa na teknolojia iliyothibitika na wataalamu wenye uzoefu wa miongo kadhaa, lakini mwaka 2015 kiliingia katika usimamizi wa uokoaji kwa kushindwa kujiendesha, na uzalishaji wake ukasimama. Bei ya chuma duniani ilikuwa imeshuka na gharama za uendeshaji zilikuwa zimepanda. Teknolojia huwezesha kutenganisha chuma na titani. Kama chuma hicho kitauzika kwa faida ni swali linalojibiwa na bei ya umeme, gharama za usafiri na soko la bidhaa nyingine zinazotoka katika mwamba huo huo.

Bidhaa hizo nyingine ndizo zinazoweza kubadili hesabu. Oksidi ya titani ni kiungo kinachoipa rangi ya nyumba weupe wake, na viwanda vya rangi hapa nchini huiagiza. Vanadi huongezwa katika chuma kwa kiasi kidogo ili kukiongezea uimara, na siku hizi hutumika pia katika betri kubwa za kuhifadhi umeme. Mpango wa awali wa ubia wa mwaka 2011 ulilenga kuzalisha tani milioni moja za bidhaa za chuma kwa mwaka pamoja na titani na vanadi, na kujenga mtambo wa makaa ya mawe wa megawati 600 Mchuchuma. Kinyume chake, mradi utakaouza mwamba au makinikia kwa bei ya chuma peke yake utakuwa umetoa titani na vanadi bure.

Mzigo na barabara

Suala la usafiri linaonesha kwa nini hatua ya uchenjuaji ni ya msingi. Kutoka Ludewa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 700. Lori lililobeba tani 30 za mwamba wa Liganga litakuwa na takriban tani 15 za chuma. Nusu ya nauli italipwa kwa ajili ya oksijeni, titani na mawe. Lori hilo hilo likibeba chuma sponji chenye asilimia 90 ya chuma, litafikisha tani 27.

Serikali imeanza kushughulikia miundombinu. Barabara ya Itoni–Ludewa–Manda, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 211, inajengwa kwa awamu, na kipande cha Lusitu hadi Mawengi cha kilomita 50 kimejengwa kwa zege ili kihimili malori mazito na mvua za nyanda za juu. Mpango wa reli ya Mtwara hadi Mbamba Bay una matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga. Aidha, reli ya TAZARA inapita Makambako, katika Mkoa huo huo wa Njombe, na kuishia Dar es Salaam, hatua chache kutoka maeneo ya viwanda ya Temeke.

Kwa upande wa viwanda vya jiji, chuma sponji hakitoshi chenyewe. Matanuri ya umeme yanayotumika kuyeyusha chuma chakavu hayakuundwa kwa ajili ya mavi mengi, na chuma sponji kinachotokana na mwamba wenye titani huja na mavi hayo. Kwa hiyo kinaweza kutumika kwa uwiano mdogo pamoja na chuma chakavu, lakini si kwa kuziba pengo lote. Ili viwanda hivyo vibadili chanzo cha malighafi kwa kiwango kikubwa, uyeyushaji wa kutenganisha titani unapaswa kufanyika kusini, na kinachosafirishwa kuja Dar es Salaam kiwe chuma kilichoyeyushwa au mapande yaliyo tayari kuvutwa.

Mkataba, sheria na wananchi wa Ludewa

Mkataba wa mwaka 2011 uliipa NDC asilimia 20 na mbia asilimia 80. Sheria za mwaka 2017 kuhusu utajiri na maliasili za nchi ziliweka msingi wa kupitia upya mikataba yenye masharti hasi, na Sheria ya Madini, Sura ya 123, kama ilivyorekebishwa mwaka huo, inaipa Serikali hisa zisizofifishwa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni zenye leseni za uchimbaji. Majadiliano yaliyofuata yalichukua miaka mingi. Wapo waliouona muda huo kuwa hasara tupu, na hoja yao ina uzito: mgodi usiochimbwa haulipi kodi wala mishahara. Upande wa pili, mkataba wa mradi wa aina hii huishi kwa miongo, na kosa katika kifungu kinachohusu titani na vanadi lingekuwa gumu kurekebisha baada ya tanuri la kwanza kuwashwa.

Waliobeba gharama ya kusubiri kwa karibu zaidi ni wananchi wa Ludewa, ambao maeneo yao yalitengwa kwa ajili ya mradi na wakaishi bila uhakika wa kuyaendeleza. Mwaka 2023 Serikali ilianza kuwalipa fidia ya zaidi ya shilingi bilioni 15. Malipo hayo yaliondoa kikwazo cha muda mrefu, na pia yaliongeza wajibu: ardhi iliyolipiwa kwa fedha za umma inapaswa kuzaa matunda kwa umma.

Inafaa pia kukumbuka kwamba kuyeyusha chuma si jambo geni katika vilima hivyo. Wapangwa wa Ludewa walijenga matanuri ya udongo na kufua majembe kwa vizazi vingi kabla ya bidhaa za viwanda vya Ulaya kufika. Walichagua mawe waliyojua yatayeyuka kwa makaa ya miti waliyokuwa nayo. Kazi ya wataalamu wa leo ni ile ile kwa kipimo kikubwa zaidi: kujua mwamba, kujua nishati iliyopo, na kuchagua tanuri linalofaa vyote viwili.

Ujuzi huo unaweza kujengwa hapa hapa. Shirika la Utafiti na Maendeleo ya Viwanda Tanzania (TIRDO), lililoanzishwa mwaka 1979, lina makao yake Msasani, katika Manispaa ya Kinondoni. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha wahandisi wa madini, na Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania (GST) inahifadhi taarifa za miamba ya nchi. Nchi inayojipimia yenyewe sampuli zake hukaa katika meza ya majadiliano ikiwa na takwimu zake mkononi.

Mambo ya kufuatilia

Kaulimbiu ya Wizara ya Madini, Vision 2030: Madini ni Maisha na Utajiri, inawaalika wananchi kuutazama utajiri huo kwa karibu. Kwa mradi wa chuma, maswali manne yanatosha kupima tangazo lolote litakalotolewa.

Swali la kwanza: bidhaa itakayotoka Ludewa ni ipi kati ya mwamba, makinikia, chuma sponji na chuma kilichoyeyushwa? Kila hatua inayofanyika nchini huongeza ajira na kupunguza mzigo wa usafiri.

La pili: titani na vanadi zitatenganishwa wapi, na mapato yake yatagawanywaje?

La tatu: umeme na makaa yatapatikana kwa bei gani, na kwa muda gani wa uhakika?

La nne: viwanda vilivyopo nchini vitauziwa malighafi hiyo kwa utaratibu upi? Tangu Julai 1, 2022, Jumuiya ya Afrika Mashariki imeweka ushuru wa asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa kutoka nje ya Jumuiya, zikiwemo za chuma, ili kulinda viwanda vya ndani. Kinga hiyo itakuwa na maana kamili pale ambapo malighafi ya viwanda hivyo nayo itakuwa ya ndani.

Mwananchi anayejenga Mbagala au Tegeta asitarajie kwamba nondo zitashuka bei siku uchimbaji utakapozinduliwa. Kati ya uzinduzi na nondo kuna vinu, sumaku, matanuri na reli, na kila kimoja kinahitaji mtaji na muda. Anachoweza kudai tangu sasa ni kuelezwa ni hatua ipi imefikiwa, kwa majina yake, ili tani milioni 126 zihesabiwe kadiri zinavyogeuka kuwa chuma.